SIMU YA KWANZA YA MTOTO: USINGIZI WAKE, USAFI WAKE NA USALAMA WAKE

Katika safu hii ya afya na usafi tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, chandarua na kunawa mikono. Leo tunaingia katika jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu kuwa ni la afya, nalo ni simu ya kwanza anayopewa mtoto wa miaka 12, 13 au 14. Ni la afya kwa sababu linagusa usingizi wake, macho yake na shingo yake, na zaidi ya yote linagusa utulivu wa nafsi yake. Mtoto aliyeumizwa ndani ya simu hatoki damu, lakini anaumwa, na mara nyingi nyumba nzima haijui.

Hapa Unguja simu ya kwanza huingia nyumbani kwa njia zinazojulikana. Mtoto amemaliza darasa la sita, anaingia kidato cha kwanza, skuli iko mbali, na sasa anapanda daladala peke yake kutoka Fuoni au Bububu kuja mjini. Mchana ana masomo ya ziada, jioni yuko chuoni, na mama anataka kujua kama amefika. Hiyo ni haja ya kweli. Njia nyingine ni mjomba aliyeko Muscat au Dubai, anayekuja likizo na simu kubwa ndani ya sanduku. Zawadi inatolewa mbele ya watu, mtoto anaruka kwa furaha, na mzazi anaona haya kuweka masharti mbele ya mgeni. Wengine hurithi simu ya kaka yao yenye kioo kilichopasuka, pamoja na kila kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo ushauri wa mwanzo ni mwepesi. Ikija zawadi, shukuru, ipokee wewe mzazi, na mwambie mtoto kuwa simu itakuwa mkononi mwake baada ya siku mbili tatu, kwa sababu inahitaji kutengenezwa. Mjomba hatakasirika.

Umri gani unafaa? Hakuna umri mmoja kwa watoto wote. WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zenyewe zimeweka kuwa mtumiaji awe ametimiza miaka 13, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kwa maoni ya safu hii, mtoto ambaye haja yake ni kupiga na kupokea tu anatosheka na simu ya tochi, ile ya vibonye. Betri yake hukaa siku kadhaa, haina mvuto kwa wezi, na ikianguka haivunji moyo wa mtu. Mwaka mmoja wa simu ya tochi unampa mtoto mazoezi ya kutunza kitu, kuchunga salio na kupokea anapoitwa. Ikipotea mara tatu katika miezi sita, mzazi umeshapata jibu kuhusu ile simu kubwa.

Laini nayo ni ya nani? Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa cha NIDA, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa. Mtoto hana kitambulisho hicho, kwa hiyo laini yake inakuwa kwa jina lako. Likifanyika jambo kwa laini ile, anayetafutwa kwanza ni wewe. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usikubali mtoto anunue laini ya mtaani iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu asiyejulikana. Huduma ya fedha katika laini ya mtoto, kama si lazima, isifunguliwe. Ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" haumwangalii mpokeaji ana miaka mingapi, na kamari za mpira zinazochezwa kwa simu zinahitaji kitu kimoja tu, yaani pesa iliyomo ndani ya simu. Namba ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Ukinunua simu iliyotumika, iwe Darajani au kwa jirani, piga *#06# upate namba ya utambulisho ya simu, kisha itume kwenda 15090 kujua kama ni halali. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima, na watu wengi walibaki na vipande vya plastiki mkononi. La pili ni muhimu zaidi kwa mtoto: futa kila kitu na uirejeshe simu katika hali ya kiwandani kabla hajaishika. Simu za mtumba huja na picha, video na namba za mwenyewe wa zamani, na hujui mwenyewe huyo alikuwa akitazama nini.

UDHIBITI WA MZAZI UNAVYOFANYA KAZI

Wazazi wengi wamesikia kuwa kuna namna ya "kuifunga" simu ya mtoto lakini hawajui inakuwaje. Kwa simu za Android, ambazo ndizo nyingi hapa kwetu, iko programu ya bure ya Google inayoitwa Family Link. Mzazi anaiweka katika simu yake, anamfungulia mtoto akaunti yake mwenyewe, na akaunti ile inaungwa na ya mzazi. Tangu hapo mtoto akitaka kuweka programu mpya, ombi linakuja kwa mzazi aidha akubali au akatae. Mzazi anaweka idadi ya saa kwa siku, anaweka saa ambayo simu itajifunga usiku na saa ya kufunguka asubuhi, anachuja machafu katika utafutaji, na anaweza kuona simu iko wapi. Kwa iPhone hakuna haja ya kuweka programu nyingine, kwani udhibiti umo ndani ya mipangilio, katika sehemu ya Screen Time, ambayo Apple waliileta mwaka 2018. Hiyo unaiwekea namba yake ya siri, tofauti na ile ya kufungulia simu.

Hapa pana kosa moja linaloharibu kazi yote. Wakati wa kufungua akaunti simu huuliza tarehe ya kuzaliwa, na wazazi kwa haraka huandika mwaka wowote ili mambo yapite. Mtoto wa miaka 12 anakuwa mtu wa miaka 30. Akaunti ile haitambui kuwa kuna mtoto, na vichujio vinavyotegemea umri havijiwashi. Andika tarehe ya kweli hata kama itakuchelewesha robo saa.

Kosa la pili linahusu nywila. Katika nyumba nyingi mtoto ndiye aliyemfungulia mama WhatsApp, na ndiye anayezijua namba za siri za mama na za baba. Ukimwambia yeye huyo akuwekee udhibiti, ni sawa na kumpa fisi bucha alinde. Mtafute mtu mzima unayemuamini akuelekeze, lakini nywila uiandike wewe, na ubadilishe ya simu yako pia. Kama Kiingereza kinakuwia kizito, mipangilio ya Android inaweza kugeuzwa ikawa ya Kiswahili.

Kuna kinga nyingine ambayo wachache wanaijua, nayo haina gharama. Katika simu za Android za toleo la 9 na kuendelea, ingia mipangilio, sehemu ya mtandao, utafute palipoandikwa DNS ya faragha, kisha uandike family.cloudflare-dns.com. Kila simu inapotaka kufungua tovuti huuliza kwanza anuani yake, na huduma hii, iliyoanza mwaka 2020, haitoi anuani za tovuti za uchafu wala za virusi. Inafanya kazi kwa bando na kwa intaneti ya nyumbani. Haigusi yale yanayopita ndani ya WhatsApp au TikTok, lakini inaziba mlango mkubwa.

Tukiitaja WhatsApp, yafaa ieleweke kuwa Family Link haisomi ujumbe. Inaweza kuizuia programu au kuipangia muda, lakini mazungumzo ya ndani haiyaoni. Kwa hiyo WhatsApp ina kazi yake peke yake. Ingia sehemu ya faragha, weka kuwa wanaoweza kumuingiza mtoto katika makundi ni walio katika orodha yake ya namba tu, na picha yake ionekane na hao hao. Weka namba ya siri ya uthibitisho wa hatua mbili. Kisha zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Hili la mwisho tunalisisitiza, kwa sababu video za ajali, za watu wanaopigwa na za mambo ya aibu huwafikia watoto kupitia makundi ya ukoo na ya mtaa, yanayotumiwa na watu wazima wenye heshima zao wanaosambaza bila kutazama. Upakuaji ukiwa wazi, video ile inakaa ndani ya simu ya mtoto kabla hajaamua lolote.

Vivyo hivyo IMO, ambayo familia nyingi huitumia kuzungumza na jamaa walioko Oman na Dubai. Kwa kumwona bibi ni nzuri. Lakini ina sehemu za kukutana na watu usiowajua, na mtoto hana haja nazo. Simu ya jamaa wa Arabuni ipigwe kwa simu ya mama, ukumbini, wote wasalimiane.

Udhibiti huu una mipaka yake, na ni vyema uijue mapema. Mtoto anaweza kutumia simu ya rafiki yake barazani. Anaweza kuweka VPN, programu inayopita pembeni ya vichujio, ndiyo maana idhini ya kila programu ibaki kwako. Anaweza kuwa na laini ya pili. Na kadiri anavyokua ndivyo kamba inavyopaswa kulegezwa. Kijana wa miaka 16 akiwekewa masharti ya mtoto wa 12 atajifunza kudanganya.

Wako wazazi wanaoweka programu za siri za kupeleleza, mtoto asijue kuwa kila anachoandika kinasomwa. Safu hii haiungi mkono jambo hilo. Kwanza programu nyingi za namna hiyo haijulikani zinapeleka wapi habari za nyumba yako. Pili, mtoto akigundua, na watoto hugundua, hatakuja kwako tena siku ya shida. Mwambie wazi: simu hii ina udhibiti, nitaona hiki na hiki, sitaona kile.

USIKU

Kama utalishika jambo moja tu katika makala hii, lishike hili la usiku. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 katika saa 24, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12. Sasa tupige hesabu ya nyumba zetu. Mtoto anayeamshwa saa 11 alfajiri kwa ajili ya Sala, kisha skuli, anatakiwa awe amelala saa 3 usiku ili apate zile saa 8 za chini kabisa. Akibaki na simu kitandani hadi saa 6 usiku amelala saa 5. Wiki moja ya namna hiyo anakuwa amekosa usingizi wa siku mbili nzima na zaidi. Utamuona mkali, msahaulifu, anasinzia darasani, hataki kula asubuhi, na utadhani ni utundu wa umri.

Simu hukatisha usingizi kwa njia mbili. Mwanga wa kioo, hasa ule wa rangi ya buluu, unauambia ubongo kuwa bado ni mchana, na homoni ya usingizi inachelewa kutoka. Njia ya pili ni yale yaliyomo. Video moja ikimalizika nyingine inaanza yenyewe, na ujumbe wa rafiki unaosubiri jibu haumwachi mtu alale. Hata simu iliyo kimya chini ya mto inamfanya mtoto ashtuke kuiangalia.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: baada ya Isha, tuseme ikifika saa 2 usiku, simu zinatoka vyumbani. Ziwekwe ukumbini katika kikapu au juu ya kabati, na huko huko zichajiwe. Chaja isiingie chumbani kwa mtoto kabisa. Simu inayochajiwa chini ya mto au katikati ya godoro hupata moto, na katika joto letu la Disemba hadi Februari moto huo unazidi. Mtoto akisema simu ndiyo inayomuamsha, mnunulie saa ya kengele. Na simu ya baba iingie kikapuni pamoja na nyingine. Sheria ikimhusu mtoto peke yake haitamaliza wiki.

Utaratibu wa saa si mgeni katika nyumba zetu. Surat An-Nuur imezitaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani wanatakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa wao: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya Isha. Simu ni mlango unaomuingizia mtoto chumbani watu wasioomba ruhusa, na wengi wao hupenda kuja baada ya Isha.

Ramadhani ina hesabu yake, kwani kuna Tarawehe na daku. Hapo usiku unakatika, na mtoto anahitaji kulala mchana ili afidie. Simu ikikaa katikati ya Tarawehe na daku, mtoto hatalala kabisa.

KINACHOINGIA NA SIMU CHOONI

Simu haioshwi kama mikono, na huenda kila mahali tunapokwenda. Mtoto anaingia nayo chooni, anaishika kwa mkono ule ule, anatoka, ananawa vizuri, kisha anaishika tena. Dakika tano baadaye yuko kwenye sinia na wenzake, anakula kwa mkono. Kunawa kwake kumekuwa bure, na si kwake tu, kwani sinia ni la wote. Magonjwa ya kuhara hupita njia hiyo. Pia wengi siku hizi wana msahafu ndani ya simu, hivyo adabu na afya vinakutana hapa: simu ibaki nje ya mlango wa choo.

Kuisafisha, izime kwanza, uitoe kava na kuiosha kwa sabuni, kisha ufute kioo na mgongo kwa kitambaa laini kilicholowana kidogo spiriti ya asilimia 70. Usimwagie maji ndani ya matundu, wala usitumie Jiki.

Kuhusu macho, kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali, kiasi cha mita 6, kwa sekunde 20. Kinachosaidia zaidi ni kucheza nje kwenye mwanga wa mchana, ambako kunapunguza uwezekano wa mtoto kuwa na macho yasiyoona mbali. Shingo: ainue simu usawa wa uso badala ya kuinamisha kichwa. Masikio: sauti ya spika za masikioni isizidi kiasi cha asilimia 60, na akiwa barabarani aziondoe kabisa, maana pikipiki haisubiri.

SIKU YA SHIDA

Ripoti iliyotolewa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania ilikuta kuwa asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa unyonyaji au udhalilishaji wa kijinsia kupitia mtandao katika kipindi cha mwaka mmoja, na kwamba wahusika mara nyingi ni watu ambao mtoto alikuwa anawajua. Kwa hiyo usimuonye na "wageni" tu. Mwambie kuwa mtu yeyote, hata jamaa, hata anayemsomesha, anayemwambia "usimwambie mama," huyo ndiye wa kuambiwa mama.

Mtego wenyewe mara nyingi uko hivi. Mtu anajifanya kijana wa rika lake. Anamsifu siku kadhaa, anatuma picha, anaomba picha. Akipata picha moja ya aibu, maneno yanageuka: lete nyingine, au lete pesa, ama sivyo naipeleka kwa baba yako na skuli yako. Mtoto wa kike au wa kiume aliye katika hali hiyo anaweza kukonda, kukataa skuli, au kufikiria kujidhuru, kwa sababu anaogopa kipigo na aibu ya nyumba kuliko anavyomuogopa yule tapeli. Mvizia watoto anaijua hofu hiyo vizuri na ndiyo anayoitumia.

Ndiyo maana ahadi itangulie simu. Kabla hujampa, mwambie maneno haya kwa lugha yako: ukiharibikiwa na jambo ndani ya simu ukaja kwangu, sitakupiga wala sitakutangaza. Na siku ikifika, itimize, hata kama damu inachemka.

Likitokea, msilipe chochote na msitume picha nyingine. Msiufute ujumbe, upigeni picha kioo, pamoja na jina na namba ya mtu, kisha mzuieni. Iko huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023, ambayo husaidia kuzuia picha za aliye chini ya miaka 18 zisienee katika mitandao inayoshiriki, na picha yenyewe haiondoki katika simu yako. Nendeni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Kama kuna mtu aliyekwisha kumgusa mtoto, asioge wala nguo zisifuliwe, apelekwe mara moja Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pahala pamoja.

Namba ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Unapoitengeneza ile simu, iandike ndani yake katika orodha ya namba, baada ya ya mama, ya baba na ya shangazi mmoja ambaye mtoto amemchagua mwenyewe.